Isabutoyi Yangu

Mlio wa fimbo zinazopura maharage juu ya turubai haujawahi kuniacha nimetulia. Hata leo, nikiusikia na vumbi la maganda makavu likinipanda puani, naanza kutazama nyuma yangu. Watu hudhani vumbi linanisumbua. Wala si vumbi. Ni siku yangu ya kuzaliwa, na ili nieleweke inabidi nirudi Heru Juu, nyumbani kwetu, kwenye msimu ule ambao mimi na pacha wangu tuligundua kwamba wako watoto wanaofanyiwa sherehe kwa sababu tu walizaliwa.

Aliyetufungua macho ni Rahma, binti wa Mwalimu Zuhura, aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga na kupanga nyumba ya jirani. Mwalimu alioka keki kwenye sufuria, makaa chini na makaa juu ya kifuniko, na harufu ya iliki ikatufuata mpaka kwenye mihogo. Tulialikwa. Tuliimba, tukalishwa keki kwa mkono, kisha Rahma, sukari ikiwa bado mdomoni, akamwagiwa ndoo nzima ya maji kutoka nyuma. Alipiga yowe, watu wakashangilia. Keki ilikuwa tamu, sikatai, lakini mimi nilichokitamani ni yale maji. Kuloweshwa hadharani, mama yako akicheka badala ya kukufokea! Tulirudi nyumbani mbio, tukamuuliza mama kwa pamoja, "Mama, na sisi yetu lini?" Mama alikuwa anachambua mboga, hata macho hakuinua. "Mlizaliwa siku tuliyopura maharage," akasema. "Yakikauka tutaona." Tangu hapo tukawa tunaenda shambani kila asubuhi kuyabonyeza maganda.

Kwetu pacha anayetangulia huitwa Bukuru, yaani ukubwa, na anayefuata huitwa Butoyi, yaani udogo. Bukuru ni dada yangu, Butoyi ni mimi. Mwalimu Zuhura alikuwa akitutania kwamba kwingine tungeitwa Kulwa na Doto, lakini kwa jina lolote lile, wa nyuma ni wa nyuma. Bukuru alinitangulia kwa muda ambao hata ugali hauivi, lakini ndiye aliyeitwa kuwasalimia wageni, ndiye aliyeoga kwanza maji yakiwa bado na moto. Sikulalamika, kwa sababu mama alikuwa na sheria moja isiyovunjwa, kwamba mapacha hapewi mmoja akaachwa mwingine. Muwa ulikatwa katikati, na hata pipi moja iling'atwa vipande viwili.

Ndipo akaja mama mkubwa, dada yake mama, kutoka Muyama alikoolewa, amepakiwa kwenye bodaboda pamoja na cherehani yake na dumu la mawese. Familia yao ilivuka kutoka Burundi zamani. Mama alivuka akiwa mgongoni, mama mkubwa alivuka kwa miguu yake mwenyewe, na maneno ya kule alivuka nayo. Alipohadithiwa habari za keki na ndoo alipiga makofi. "Ego, ndiyo! Na hapa tutafanya isabukuru!" Kwa Kirundi isabukuru ni sikukuu ya kuzaliwa ya mtu yeyote, awe Bukuru, awe Rahma, awe mtoto wa jirani. Lakini nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kufanyiwa, kwa hiyo neno lenyewe sikuwa nimelisikia. Mimi nilisikia jina la dada yangu. Sherehe ya Bukuru. Nilimtazama mama nikingoja aikumbuke sheria yake, lakini mama alikuwa anacheka tu.

Wahenga wanasema kuuliza si ujinga, lakini wahenga hawakuzaliwa wa pili. Nilinyamaza, na kunyamaza kukanila. Mvua ilikataa kukoma. Kila maharage yaliyong'olewa yalipoanikwa wingu lilitokea upande wa Burundi, tukayakimbiza ndani, na nyumba nzima ikanuka majani mabichi. Mama alihofia yatachipua. Mimi nilihofia yatakauka. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na langu liliuma kweli, hata uji ukanishinda. Nilikaa, nikasimama, nikatoka nje kutazama mawingu, nikarudi. Siku moja nikachungulia chumba cha mama mkubwa, nikaona gauni la kitenge cha njano limetundikwa nyuma ya mlango. Lilikuwa moja. Nilitafuta la pili chini ya kitanda na ndani ya kapu lake, sikuliona. Bukuru naye alikuwa amebadilika, hanitazami usoni, nami nikasema moyoni kwamba ameshajua yake yamenyooka.

Siku jua lilipotulia, majirani walikuja na fimbo zao. Nilipura nao kidogo, kisha nikaona ndoo mbili zimeletwa kutoka bondeni. Zote mbili kwa mtu mmoja! Niliitupa fimbo, nikaenda kujificha kwenye mihogo, nikalia kilio cha kuzuia sauti. Niliwasikia wakiniita. Nikasikia ubishi. Hatimaye Bukuru akaja, mkavu, na nguo zake zile zile za kazini.

"Njoo, wanakungoja."

"Siji. Hiyo si yangu. Ni isa-Bukuru."

"Najua," akasema, na machozi yakamtoka yeye. "Nimewaambia hawanimwagii mpaka wafanye na isabutoyi. Mama mkubwa anasema ni ya wote wawili. Mimi nimemwambia, mbona jina lake halimo?"

Kumbe siku zote zile naye alikuwa hapati usingizi! Alinivuta mkono mpaka uwanjani, na pale mama mkubwa alikuwa ameketi kwenye vumbi la maharage, hoi kwa kicheko. "Isabutoyi! Nimezeeka sijalisikia hilo!" Kisha akaniona macho yangu yalivyovimba, kicheko kikamkatika. Akanishika kidevu, akaniita mwanangu, akanitakia sikukuu njema. "Mwana wanje. Isabutoyi nziza." Nilikuwa bado namtazama yeye maji yaliponishukia kutoka nyuma, baridi ya bondeni, nikapiga yowe kubwa kuliko la Rahma. Mama ndiye aliyekuwa na ndoo. Alinimwagia mimi kwanza, Bukuru baadaye. Gauni langu lilikuwa bado kwenye cherehani, halijapindwa chini. Nililivaa hivyo hivyo nyuzi zikining'inia, na sikukubali lipindwe hata siku zilizofuata.

Sasa niko Kibondo, ni muuguzi, na nina binti. Siku yake ya kuzaliwa inajulikana, simu inanikumbusha, keki naagiza dukani na jina lake juu yake, picha zinarushwa kabla haijakatwa. Ni jambo zuri, wala sitaki kujifanya kwamba zamani kila kitu kilikuwa asali. Mwanangu hajawahi kuumwa tumbo kwa kungoja, na ninamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini majuzi aliniuliza, "Mama, na yako lini?" nikajikuta namjibu, "Maharage yakikauka." Alinitazama kana kwamba nimechanganyikiwa.

Mama hatunaye tena. Bukuru ndiye aliyebaki na shamba Heru Juu, na kila msimu hunipigia siku wanayopura. Mwaka huu mvua zilichelewa kuisha. Maharage mapya yalishajaa sokoni Kibondo na simu yake bado, nami sikukaa nikatulia. Nilitembea na simu mkononi hata wodini. Ilipoita, alikuwa yeye. Aliisogeza tu karibu na turubai, nikasikia fimbo, kisha sauti yake ikihema.

"Isabutoyi nziza."

"Isabukuru nziza, dada."

Nilikuwa nimesimama uani kwangu, mtu mzima na sare za kazi. Nikageuka haraka kutazama nyuma. Hapakuwa na mtu mwenye ndoo.