Mikia Aliyoikata Fundi Modest

Jumamosi, Julai 12, 2025. Ukungu umeshuka kutoka msitu wa Ngorongoro na hadi saa mbili asubuhi bado umeukalia mji wa Karatu. Manyunyu yanaanguka, membamba kama vumbi la maji. Magari ya watalii yanapanda kuelekea geti la hifadhi yakiwa yamewasha taa, na waendesha bodaboda wamejifunga shuka juu ya makoti.

Nyuma ya duka la vipuri vilivyotumika la Hamidi Shabani, fundi Modest Lohay amelala chali juu ya gunia, chini ya Landrova ya mwaka 1982 yenye injini ya silinda nane. Miguu yake tu ndiyo inayoonekana. Anagonga nati iliyoshikwa na kutu, anatulia, anagonga tena. Nati haitaki kulegea.

"Ibembeleze," Hamidi anamwambia kutoka mlangoni, kikombe cha chai ya tangawizi mkononi. "Imelala miaka mitatu, wewe unataka kuiamsha kwa nyundo."

Siku nyingine utani huo ungepata jibu lake. Wawili hawa, mmoja Mwislamu na mwingine Mkatoliki, wametaniana katika ua huu kwa zaidi ya miaka ishirini. Leo Modest anaendelea kugonga, na Hamidi anaingia ndani na chai yake.

Kazi iliyo mbele ya fundi huyu ni kubadilisha mfumo mzima wa bomba la moshi: kuanzia yanapotokea mabomba mawili ubavuni mwa injini, yanapoungana kuwa moja, kupitia sailensa ya kupunguza sauti, hadi mkiani moshi unapotokea. Kwa fundi mwenye mikono kama yake ni kazi ya siku moja. Modest ameisalia kwa wiki mbili kabla ya kuigusa.

Saa tatu kasorobo nati inalegea. Kipande kifupi cha bomba kinadondoka kwenye gunia. Modest anatoka chini ya gari, anaketi, anakipakata mapajani. Kidole chake kinapita kwenye ncha yake, mahali palipokatwa kwa grenda, mashine ya kukatia chuma.

"Hapa nilikata mimi," anasema. "Na kwa sababu ya hapa, Inosenti amekufa."

Modest ana miaka 53. Alizaliwa Rhotia, akamaliza darasa la saba, akajifunza kuchomelea vyuma katika karakana ya misheni. Msimu wa wageni ukiwa mzuri, gereji ilimpa hadi shilingi 40,000 kwa siku. Mvua za masika zikianza na wageni wakipungua, elfu tano ikipatikana alimshukuru Mungu.

Wateja wake wakubwa walikuwa madereva wanaopeleka wageni Engaresero na kupandisha hadi Loliondo. Njia hiyo ni ya mawe. Gari linapopanda ngazi ya mawe, mkia wa bomba la moshi ndio unaogonga kwanza. Ukipondeka, moshi unakosa pa kutokea na injini inakabwa. Ukining'inia, dereva analala porini akifunga waya.

Dawa ya kweli ni kulipandisha bomba juu ya ekseli, chuma kinachounganisha magurudumu ya nyuma, na kulitoa nyuma, nje kabisa ya bodi. Hiyo ni kazi ya kutwa, na dereva mwenye wageni wa kesho hana siku ya kutoa. Ndipo ilipozaliwa kazi ambayo madereva waliipa jina la kukata mkia. Bomba linakatwa mara tu baada ya sailensa, na moshi unatokea chini ya sakafu ya gari.

"Dakika ishirini, dereva ameshaondoka," Modest anasimulia. "Na kwa gari la silinda nane, ukilikata linanguruma. Walipenda hiyo. Inosenti alikuwa akipita kijijini kwao Bashay, watoto wanasema ndiye huyo, hata kabla hawajamwona."

Inosenti Axwesso alikuwa dereva na mwongoza watalii, na rafiki wa Modest tangu ujana. Aliinunua Landrova hiyo ikiwa imetelekezwa katika shamba la kahawa huko Oldeani, akaifufua kidogo kidogo. Mwezi Juni mwaka 2022 alifika gereji na mkia uliopondeka. Kesho yake alikuwa na wageni. Modest anasema alisita kidogo, kwa kuwa mpira wa mlango wa nyuma ulikuwa umechakaa na moshi ungeweza kuingia ndani. Alimshauri tu asubiri, bila kumtajia moshi; Inosenti akamwambia ampunguzie ushauri, amwongezee kasi. Wakacheka wote wawili. Grenda ikawashwa.

Wiki nne baadaye, Inosenti alilaza wageni wake kambini, juu ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Wageni walikuwa kwenye mahema. Yeye, kama walivyozoea madereva wengi, alilala garini. Julai ukingoni mwa kreta baridi haina huruma. Alijifunika blanketi, akafunga vioo vyote, akaiacha injini ikizunguka ili apate joto. Asubuhi wageni walikwenda kumwamsha.

Daktari aliandika kwamba ni hewa ya moshi wa gari. Watu wakasema marehemu alikosea kulala na injini ikiwaka na madirisha yamefungwa. Hakuna aliyeuliza bomba lake lilikuwa na urefu gani.

Modest alikuwa miongoni mwa waliokwenda kulichukua gari. Anasema aliinama, akachungulia chini, akaona kazi yake. Kisha akainuka, akajipangusa magoti, akanyamaza.

"Niliona nikisema wataniua," anasema. "Halafu nikaona nisiposema nitakufa taratibu. Nikachagua taratibu."

Msalaba wa chuma ulio juu ya kaburi la Inosenti, aliuchomelea yeye bila malipo. Siku ya kumaliza matanga, mjane wa marehemu, Selina, alisimama mbele ya watu wote akamshukuru kwa jina. Watu wakampigia makofi. Modest anasema hakuna kipigo ambacho kingemuuma kama makofi yale.

Tangu siku hiyo hakugusa tena bomba la moshi. Aligeukia mageti, madirisha na vitanda, kipato kikashuka zaidi ya nusu. Misa hakukosa, lakini kwa karibu miaka mitatu hakukomunika. Wenzake walipopanga mstari kwenda mbele, yeye alibaki ameinamisha kichwa kwenye benchi, na jumuiya yake ikadhani ana tatizo la ndoa.

Kwaresima ya mwaka huu aliungama. Padri alimwondolea dhambi, kisha akamwambia neno moja zaidi: Mungu ameshasikia, Selina bado.

Alikwenda kwa miguu hadi Bashay, Jumanne ya Wiki Kuu. Selina alikuwa uani anapepeta maharage. Modest alisimama, hakukubali kiti, akasema yote. Selina hakuinua uso. Aliendelea kupepeta mpaka ungo ukawa safi, akayamimina maharage kwenye ndoo, ndipo akamwambia: "Nenda nyumbani, Modest."

Selina Gwandu, mwenye miaka 44, anaeleza kwa nini hakumjibu siku ile. Anaongea taratibu, mikono yake imeshika pindo la kanga.

"Miaka yote ile nilikuwa nimemkasirikia mume wangu," anasema. "Nilikuwa nasali kwa hasira. Namwambia, umeniachia watoto wawili kwa uvivu wa kufungua kioo. Hata kaburini nilikuwa nakwenda kugomba. Sasa huyu ananiambia Inosenti hakujua hatari iliyokuwa chini yake. Nilitaka kwanza nikamwombe radhi marehemu, kabla sijamjibu aliye hai."

Alikwenda kaburini peke yake, zaidi ya mara moja. Halafu, mwishoni mwa Juni, trekta ya jirani iliikokota Landrova hadi ua wa Hamidi. Kuku walikuwa wametagia kiti cha nyuma. Selina alishuka kwenye trekta, akamtafuta Modest kwa macho, akasema sentensi moja ambayo Hamidi anaikumbuka neno kwa neno: "Aliyekata ndiye atakayeunga."

Anataka gari lirudi barabarani. Mtoto wake mkubwa, Eva, yuko kidato cha tatu, mdogo wake anaanza sekondari mwakani, na shamba lao dogo haliwezi kuwabeba wote. Amempata dereva, Parmuat, kijana wa Enguserosambu aliyekubali kuliendesha kwa kazi za wageni. Lakini ameapa hatapanda, wala mtu wake hatapanda, mpaka aone kwa macho yake moshi unatokea wapi.

Saa tano ukungu unaanza kuinuka. Modest amelijaza bomba jipya mchanga mkavu na kuziba ncha zote mbili, ili linapopindwa lisijikunje. Analipasha moto mpaka linakuwa jekundu, analipinda kidogo, analipeleka chini ya gari kulipima, analitoa, analirudisha motoni. Hamidi amemtafutia sailensa nzima kutoka Landrova nyingine iliyokufa, na amekataa kutaja bei yake. Vishikio vya kuning'inizia bomba Modest amevikata kutoka tairi kuukuu.

Saa saba na nusu mkia umepanda juu ya ekseli, umeshuka nyuma ya gurudumu na kutokeza nje ya bodi. Mlango wa nyuma umewekwa mpira mpya. Modest anapaka povu la sabuni kwenye kila kiungo, anamwomba Hamidi awashe injini na kuziba ncha ya bomba kwa kitambaa kwa muda mfupi. Kiungo chenye tundu kingetoa mapovu. Anakizunguka kila kimoja akiwa na tochi, midomo yake ikicheza. Kila anapomaliza kiungo anafanya ishara ya msalaba.

Hakuna povu linalocheza.

Selina anafika saa nane akiwa na Parmuat. Anasimama mbali, karibu na ukuta. Modest anamsalimia, naye anaitikia kwa kichwa. Injini inawashwa. Mngurumo uliojulikana Bashay nzima haupo. Inasikika sauti nzito, ya chini, ya upole.

"Sauti yake siyo ile," Selina anasema.

"Siyo ile, Mama Eva," Modest anajibu. "Ile ilikuwa sauti ya bomba lililokatwa."

Selina anageukia ukuta. Hakuna anayemsogelea.

Parmuat, ambaye hajui habari yote, anainama kuchungulia. Anapiga mluzi. "Fundi, umelipa gari mkia wa nyumbu? Huu utabaki kwenye mawe ya Engaresero. Kata, baba, kata hapa tu baada ya sailensa. Sisi wote tumekata."

Hamidi anatazama ndani ya kikombe chake. Modest anaweka spana chini. Kwa sauti ambayo inabidi mtu asogee ili aisikie, anamweleza kijana huyo Inosenti alikuwa nani, alilala wapi, na moshi ulipita wapi. Parmuat anavua kofia. Anainama tena kuutazama mkia.

"Fundi," anasema, "ile Landkruza ya bosi wangu ninayoendesha mpaka mwisho wa mwezi, uliikata wewe. Hapa hapa, mwaka ule wa korona. Wiki iliyopita tumelala ndani watu watatu."

Selina anageuka kutoka ukutani. Uso wake umelowa, lakini sauti yake ni kavu.

"Mingine mingapi, Modest?"

Modest anainama kuiokota spana.

"Nakuuliza. Mikia mingapi?"

"Arobaini. Labda hamsini. Sikuwahi kuhesabu, Mama Eva."

"Na miaka mitatu yote magari hayo yanatembea, watu wanalala humo, nawe umekaa unachomelea vitanda?"

Huu ndio mzigo ambao hata maungamo ya Kwaresima hayakuufikia. Modest anakiri baadaye kwamba aliisalia roho ya Inosenti kila jioni, akaisalia nafsi yake mwenyewe, na hakumkumbuka hata mara moja dereva aliye hai. Anasema huzuni yake ilikuwa imemtosha kiasi kwamba aliiona kama malipo.

Sasa amesimama katikati ya ua, mikono imejaa masizi, haijui pa kwenda. Majirani wawili waliovutiwa na injini wamesimama kwenye uzio. Modest anasema ataanza kulifikiria jambo hilo, atalipeleka kwenye sala, kesho baada ya misa ataongea na padri.

"Hapana," Selina anamkatiza. "Ulininyamazia mbele ya watu, na nikakushukuru mbele ya watu. Sema hapa hapa wakisikia. Ukisema, nitapanda hili gari."

Hamidi anaweka kikombe chini. Parmuat ameikunja kofia yake mkononi. Modest anavuta pumzi, anamtazama Selina usoni kwa mara ya kwanza siku hiyo, na anapaza sauti mpaka walio kwenye uzio wanaisikia.

"Mbele ya Mungu, mbele yako Mama Eva, na mbele ya Hamidi na Parmuat na hawa majirani: kila gari nililolikata nitalitafuta, liwe hapa mjini, liwe Engaresero, liwe Ololosokwan kule Loliondo, nami nitaliunga bila kudai hata senti. Jumatatu asubuhi naanza na la Parmuat. Na kila dereva, kabla sijaingia chini ya gari lake, nitamwambia Inosenti alikufaje, na kwamba aliyekata ni mimi."