Kuku Wangu na Mgeni wa Kinamasini

Kuku wangu walikuwa wanapotea, na nilikuwa nimeapa mwizi ni shemeji yangu Maurice.

Ngojeni niwasimulie. Mimi mwenyewe bado nacheka.

Huku Muhuru Bay nilikoolewa kuna kinamasi cha mafunjo kando ya ziwa. Samaki wanazalia humo. Kikundi chetu cha akina mama ndicho kinakilinda, na mwenyekiti ni mimi, kwa sababu ya mdomo.

Maurice alitaka kukichoma apande nyanya. Nikamsihi. Nikaleta afisa wa samaki. Nikaweka bango kubwa.

Bango akalifanya mlango wa choo!

Jumamosi asubuhi huyo, na vijana wake na kiberiti. Nikatoka mbio, nikasimama mbele ya mafunjo.

"Shem, toka hapo utaiva."

"Washa basi! Unichome na mimi!"

Nikatanua mikono kuziba njia. Mafunjo yakiungua, samaki wetu kwisha.

Maurice akawasha njiti.

Mafunjo yakatikisika nyuma yangu.

Akatoka chatu. Mnene, anang'aa, hana haraka na mtu. Hatua chache mbele yake, kuku wangu mwekundu anapiga kelele za kuamsha chifu.

"Mayo! Omieri!" kijana mmoja akapiga ukelele.

Kwa Wajaluo, chatu akikutembelea hivyo anaitwa Omieri, mgeni wa baraka. Anakuja na mvua. Ukimdhuru, shauri yako na boma lako lote.

Vijana wakatupa majembe. Maurice akatupa kiberiti majini, akapanda mti. Na lile tumbo lake!

Mama mkwe wangu, Mama Filister, akafika akipiga vigelegele.

"Maurice! Unataka kuchomea mgeni nyumba?"

"Mama, mimi nilikuwa naangalia tu!"

"Basi angalia kutoka huko huko."

Chatu akageuka taratibu, akarudi kwake.

Saa nane mvua ikamwagika. Jamani! Tulicheza matopeni, wazee kwa watoto, na Maurice akaapa akiwa bado juu ya mti kwamba atakayegusa mafunjo atamjua yeye ni nani.

Mimi nikaenda kumchukua kuku wangu. Hakuwa amekimbia. Kumbe alikuwa amefungwa mguu kwenye kisiki.

Kwa kipande cha kitambaa cha kichwa cha mama mkwe.

Nikamfuata jikoni. "Mama, ni wewe?"

"Nyar Asumbi, funga mlango." Ndivyo anavyoniita, binti wa Asumbi, kwetu nilikozaliwa.

"Na wale kuku wengine?"

"Mgeni lazima azoeshwe njia," akasema, akikoroga uji.

"Na mvua je?"

"Magoti yangu yameniuma tangu Alhamisi."

Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Leo Maurice ndiye kiongozi wa doria ya kinamasi, na mkali kuliko sisi wote. Msimwambie.

Funzo? Ukitaka watu walinde kitu, anza na kile wanachokiheshimu tayari. Bango litafuata.

Na kama unaishi na mama mkwe, hesabu kuku wako.