Dakika ya Kimya kwenye Lango la Msumeno

"Mimi ndiye Mwafrika pekee aliyelaza paji la uso wake kwenye lami ya Seoul, na Wakorea elfu themanini wakanyamaza kwa ajili yangu."

Jafari aliyasema hayo mbele ya watu, maikrofoni mkononi, siku ya tatu ya matanga ya Trésor, uani kwa Mama Philomène, mama wa marehemu, kule Mangobo, mtaa wa Kisangani. Hakuna aliyemwuliza habari za Seoul. Walimwomba aseme neno la faraja kama jirani, basi. Lakini kumpa Jafari maikrofoni ni sawa na kumpa mbuzi ufunguo wa shamba la mihogo. Ukirudi, usiulize mihogo iko wapi.

Yeye ni muuza vipuri vya pikipiki. Duka lake linaitwa Seoul Pièces, na mtaa mzima unamwita Mukorea, kwa sababu alikaa miaka sita katika mji wa Ansan akitengeneza ndoo za plastiki. Alirudi na simu nzuri, mgongo mbaya, na koti zito la baridi ambalo hulivaa mvua ikinyesha, hata kama jasho linamtiririka humo ndani kama mtu aliyefungiwa kwenye sufuria.

Marehemu Trésor alikuwa mwendesha msumeno katika kiwanda cha mbao kando ya mto. Siku ile umeme ulikatika, kama ulivyozoea kukatika, na msumeno ukasimama. Trésor akainama juu yake kung'oa kipande cha gome kilichokwama. Umeme ukarudi. Ni hilo tu. Msumeno haukuwa na kinga, wala kitu cha kuuzuia usiamke wenyewe. Mwenye kiwanda, Patron Sébastien, alileta jeneza la mbao safi kabisa, zilizopasuliwa na msumeno ule ule, na watu wakasema ana roho nzuri. Kuhusu kinga alisema ilikwisha kununuliwa Kinshasa, iko kwenye boti, inapanda mto. Boti hiyo ilikuwa inapanda mto tangu msimu wa viwavi uliopita.

Matanga yalipokwisha, Patron alimwita Gédéon, mdogo wake Trésor, mwenye mke na mtoto mmoja, akampa nafasi ya kaka yake. Aanze lundi, yaani Jumatatu. Msumeno ule ule, meno wazi, bila kinga.

Ndipo Mama Philomène akaja dukani kwa Jafari. Alikaa juu ya tairi, akaweka picha ya Trésor mapajani, ile picha kubwa ya matanga yenye fremu na kioo.

"Papa Jafari, ile kitu ulisema ku matanga, iko ya kweli?"

"Iko ya kweli, mama."

"Batu balinyamaza?"

"Balinyamaza."

"Na ba patron ya kule balisikia ile kimya?"

"Balisikia."

"Bon. Alors utanifanyia hapa. Lundi asubuhi, ku mulango ya scierie ya Patron, kabla bawashe ile machine. Silii tena, nimelia mpaka bajirani bamechoka. Tutanyamaza. Patron atatoka aone picha ya mutoto wangu, aseme Gédéon atafanya kazi na kinga ama bila kinga. Weye utasimama mbele, juu weye ndiye unajua."

Jafari alifungua mdomo amwambie ukweli wa siku ile. Lakini kiganja chake cha kulia kilianza kupata joto, lile joto lake, na alichoweza kusema kilikuwa kimoja tu: "Ndiyo, mama."

Joto hilo lina asili yake.

Kule Korea, mwenye kiwanda cha ndoo aliwaambia wageni mapema, kupitia mkalimani: maandamano ya wafanyakazi mtayaona, ni makubwa, angalieni, ila msiingie; mgeni akiingia anaweza kupoteza karatasi zake. Kwa hiyo wageni waliyatazama kama watoto wanaotazama harusi juu ya ua. Kila mmoja alikuwa na lake. Mnepali wa mashine ya pili alisema kwao pangekwisha kuchomwa basi moja, angalau. Muuzbeki alilaani kwa sababu basi lake lilizungushwa njia nyingine na yeye alikuwa na njaa. Moussa, Mmali aliyelala kitanda cha juu ya kile cha Jafari, aliyapenda kama mpira. "Angalia hawa," alisema. "Wana ratiba, wana maji, wana vyoo. Wakimaliza wanaokota takataka zao. Kwetu hata arusi haina mpango hivi."

Jumamosi moja Moussa akamvuta mpaka Seoul waende kuangalia. Jafari alishuka kwenye treni, na kitu cha kwanza alichotazama hakikuwa watu, kilikuwa maduka. Mtu wa Kisangani husoma maandamano kwenye milango ya maduka: Mlebanoni mwenye duka akishusha mlango wake wa chuma, geuka urudi nyumbani. Lakini pale maduka yalikuwa wazi. Mama mmoja mwenye mkokoteni wa supu ya samaki alikuwa anausogeza karibu zaidi na waandamanaji, apate wateja. Jafari alimpiga video, akamtumia mkewe Karima. Karima akajibu: "Sasa hao batu bako na shida gani, kama supu inauzwa?"

Walipita kwa maelfu, vizibao vya rangi moja, vitambaa vyekundu vimefungwa kichwani, ngumi zikipanda na kushuka pamoja. Ngoma zilipiga. Polisi walisimama kwa mstari, mmoja akipiga miayo. Jafari alikuwa ukingoni mwa njia, mikono mfukoni, akianza hata kuona raha. Hakujua kwamba mbele yake kabisa, hatua chache, alisimama mama mfupi mwenye nywele za mvi, ameshika picha ya kijana aliyeliwa na mashine ya karatasi.

Kisha mtu akasema neno moja kwenye kipaza sauti, na barabara nzima ikanyamaza.

Sasa, hapa lazima mtu ajue Jafari alilelewa na nani. Wakati wa ile vita ya siku sita, majeshi mawili ya kigeni yalipopigana ndani ya Kisangani, alikuwa kijana mdogo, chini ya kitanda, na mama yake Mwanahamisi alilala juu yake kama kifuniko. Mwanahamisi alimfundisha somo moja ambalo hakuna shule iliyoweza kulifuta: "Makelele iko mbali, mwanangu. Kimya ndiyo iko ku mulango." Mabomu yakilia, unaweza hata kuchambua mchele. Yakinyamaza ghafla, lala, maana sasa wanatembea, wanatafuta, na kinachofuata kiko karibu. Tangu hapo kimya cha watu wengi humkata Jafari magoti. Siku moja uwanjani, kabla ya mpira, watu waliambiwa wanyamaze kidogo kumkumbuka mchezaji aliyefariki. Jafari akajikuta chini kati ya viti. Alisema anatafuta ufunguo. Karima anasema ufunguo huo anautafuta mpaka leo.

Basi Seoul iliponyamaza, Jafari alianguka. Hakuchagua. Tumbo kwenye lami, paji la uso kwenye lami, mikono mbele, akingoja risasi.

Haikuja. Kilichokuja ni viatu vidogo vyeusi, kisha magoti, kisha mikono miwili ikimshika mabega. Yule mama alikuwa ameona mtu mweusi, mgeni asiyemjua, akijitupa chini na kugusisha uso ardhini mbele ya picha ya mwanawe, kama wanavyowasujudia wafu wao kule. Alikuwa analia. Alisema maneno mengi ambayo Jafari hakuyajua na aliyaelewa yote. Watu waliokuwa karibu wakainama. Simu zikapiga picha. Mama akatoa mfukoni kifuko kidogo cha joto, vile vifuko vinavyowaka vyenyewe wakati wa baridi, akakiweka kwenye kiganja cha Jafari, akakifunga kwa vidole vyake; kabla ya kuachana akachukua namba yake ya simu.

Moussa alikuwa amepanua mdomo acheke. Aliufunga.

Kifuko kilipoa usiku ule ule. Kiganja hakikupoa. Miaka imepita, na Jafari akiona mwanamke yeyote amebeba picha ya mtu, hata fundi picha anayepeleka kazi ya wateja, kiganja kinawaka na anauona uso ule ukimshukuru kwa kitu ambacho hakumpa. Kwenye simu yake bado kuna ujumbe wa yule mama, unaokuja kila mwaka siku ya kufa kwa mwanawe: picha ya kijana, ua jeupe, na neno moja. Moussa alimtafsiria: asante. Hajawahi kujibu. Angejibu nini? Samahani mama, niliogopa?

Kwa hiyo alifanya anachofanya mwanamume wa Kisangani mwenye aibu isiyotoka: aliigeuza kuwa majivuno.

Usiku wa kuamkia lundi Karima alimtazama akigeukageuka. "Mukorea, utaanguka," alisema.

"Sitaanguka."

"Utaanguka. Vaa basi suruali ya zamani."

Asubuhi walikusanyika labda watu sitini: majirani, wanawake wa kanisa la Mama Philomène, wapasua mbao, vijana kadhaa wa toleka waliokuja na baiskeli zao kwa sababu popote penye watu pana abiria. Gédéon alisimama pembeni, kichwa chini, ovaroli ya kaka yake mwilini. Walishuka kuelekea mtoni wakiimba za kanisa, Jafari akiwa mbele, ndani ya lile koti la Korea. Barabarani, duka moja lilishusha chuma chake. La pili likafuata. Jafari aliyaona yote mawili na akaendelea kutembea, na hili lazima aandikiwe.

Kwenye lango la kiwanda polisi watatu walikuwa wamekwisha itwa. Walikuwa na bunduki mbili baina yao. Patron Sébastien alisimama juu, kwenye baraza ya ofisi yake ya mbao, kikombe mkononi.

"Munataka nini tena?" alisema. "Sikuleta jeneza?"

"Ulileta, patron," Mama Philomène alijibu. "Ni juu ya hiyo nimekuja. Sitaki ya pili."

Kisha akainua picha mpaka kifuani, akamtazama Jafari. Ulikuwa ni uso ule ule wa Seoul. Mvi, ufupi, kila kitu. Kiganja kilimwaka mpaka akataka kukitumbukiza mtoni. Akainua mkono, akasema kwa sauti iliyopasuka: "Tunyamaze. Dakika moja. Kwa ajili ya Trésor."

Watu sitini wakanyamaza. Hata kengele za baiskeli. Ng'ambo ya lango hakukuwa na mashine inayolia. Mto tu.

Jafari alikaza magoti. Alimfikiria yule mama wa Seoul. Alijiambia safari hii atamlipa, atasimama. Akasimama, na akasimama. Kisha mahali fulani nyuma yake mtu akavuta pumzi, na Jafari akaenda chini kama gunia la mkaa.

Sasa kitu hiki kisingetokea Seoul. Mtu wa mbele alipoanguka katika kimya, hakuna aliyengoja maelezo. Wote sitini walikuwa watoto wa kina mama kama Mwanahamisi. Wakalala: wanawake wa kanisa juu ya vitambaa vyao, vijana chini ya baiskeli zao, Gédéon na uso wake matopeni. Na polisi, ambao nao hawakuzaliwa Paris, walipoona watu wote wamelala na wao hawajapiga risasi, walijua basi kuna mwingine anayepiga, wakajitupa chini na bunduki zao zote mbili. Juu barazani kikombe kilivunjika. Patron Sébastien alikuwa chini ya meza.

Hakuna aliyesogea. Jafari alikuwa na mchanga mdomoni, anangoja. Akageuza jicho moja, akaona miguu katika sandali za plastiki.

Mama Philomène alikuwa amesimama. Katika njia ile yote, kutoka lango mpaka mtoni, yeye peke yake ndiye aliyekuwa wima, na picha kifuani. Alitazama kulia, akatazama kushoto. Alionekana kama mtu aliyefika ugenini akakuta wenyeji wote wamelala. Kisha akatembea. Aliruka mguu wa polisi wa kwanza, akasema "pardon, papa," akaruka wa pili, akapita lango ambalo hakuna aliyekuwa wima kulifunga, akavuka uwanja wa magogo, akapanda juu ya meza ya msumeno, akakaa. Mgongo wake ulielekea meno ya chuma. Picha aliiegemeza kwenye diski yenyewe.

Watu walipoinuka na kujikung'uta, wakicheka kile kicheko cha aibu, alikuwa amekwisha tulia pale.

Patron alishuka na vumbi magotini. Alisema atawaita wakubwa. Alisema boti inafika wiki hii. "Nitaingoja hapa hapa," alisema Mama Philomène. "Hata mimi napenda kuona boti." Walimletea chai, akakataa. Polisi waliambiwa wamtoe, wakatazamana. Yule aliyerukwa wa kwanza akasema, "Patron, huyu mama amenipita nimelala chini. Nitamushika na uso gani?"

Jua lilipokuwa kali, Patron akamtuma mtu Mangobo kwa mchomeleaji.

Jafari alikwenda akasimama karibu na meza. Koti alikuwa amelivua. Mama Philomène alitazama matope kwenye paji la uso la Jafari.

"Ni hivi ulifanya kule Seoul?"

"Ni hivi, mama."

"Juu ya woga."

"Juu ya woga."

Akatikisa kichwa polepole. "Na ule mama mwenzangu? Naye alianguka?"

"Hapana. Alibaki wima. Kisha akapiga magoti aniinue."

"Miye sikuinui, uko muzito." Akasogeza picha kidogo isipigwe na jua. "Umuandikie. Umuambie ni sawa. Bamama tunajuaga."

Jafari akatoa simu. Kiganja kilikuwa cha moto bado, akaandika kwa mkono wa kushoto, neno moja moja, huku mchomeleaji akishuka kwenye pikipiki na kuanza kupima msumeno kwa kamba.

Kinga ilifungwa kabla ya jioni, na Gédéon akaanza kazi kesho yake. Bati la mlango wa gari kuukuu, boliti sita, kuchomelea na rangi nyekundu: jumla dola thelathini na nane.