Siku Niliyoipoza Turbo kwa Barafu ya Samaki

Leo nacheka, lakini yako mambo mtu huyasimulia huku akitazama chini, na hata sasa nikisikia paka analia karibu na gari yangu najisikia vibaya.

Kwetu mwenye kuposa hajipeleki. Wazee ndio huenda, yeye hubaki nyumbani roho juu. Mimi nikajitia udereva. Nilitaka Mzee Haji wa Chwaka, babake Salma, binti niliyemtaka, aione gari yangu ya turbo, niliyoinunua kwa jasho (na kwa majigambo, tuseme kweli). Shangazi yangu, Bi Zuhura, alinikanya: "Tangu lini mtu akawa dereva wa posa yake mwenyewe? Hebu tuwache sie twende na teksi." Nikamwambia teksi hazina kiyoyozi cha maana. Uamuzi mdogo tu huo, na yote yaliyofuata yalitoka hapo.

Siku yenyewe nikaegesha Darajani, maana kichochoroni kwetu gari haiingii, nikawasha kiyoyozi nikawangoja, jua la saa nane utosini, injini inanguruma, shangazi bado anajifukiza udi, ami Khatibu anatafuta kofia yake, nusu saa nzima. Anayeijua turbo keshanielewa. Turbo huishindilia hewa ndani ya injini, na hewa ikishindiliwa hupata moto, na hewa ya moto ni nyepesi, haina nguvu, ndiyo maana kuna intakula, mfano wa rejeta ndogo ya kuipoza hewa hiyo kabla haijaingia. Kwenye gari yangu imelala juu ya injini, chini ya tundu la boneti, inangojea upepo wa mwendo. Gari ikisimama juani upepo hakuna, na intakula nayo inakuwa jiko.

Basi tukatoka mjini gari imelegea. Nakanyaga, haiendi. Akatupita mzee mmoja na vespa, nyuma kafunga tenga la kuku, na kuku wenyewe wananitazama. Ami akauliza kwa upole, "Hii ndiyo ile gari ya mbio?"

Hapo nikapandwa na mori. Kufika Dunga nikamwona mchuuzi wa samaki kasimama na pikipiki, ameshauza nguru wake wote, kasha limebaki barafu. Nikamwomba, akanipa bure (laiti ningejiuliza kwa nini bure). Nikaifunga kwenye kitambaa cha kufutia gari, nikailaza juu ya intakula, nikashusha boneti.

"Unafanya nini, mwanangu?" shangazi akauliza.

"Nnaipoza hewa, shangazi."

"Hewa?"

Na wallahi gari ilikwenda! Kwa dakika chache nilikuwa mfalme. Kisha barafu ikayeyuka, maji ya nguru yakadondokea kwenye chuma cha moto, mvuke ukapanda, na kiyoyozi, ambacho huvuta hewa yake pale pale chini ya kioo cha mbele, kikatuletea mvuke huo wote ndani. Udi wa shangazi ukapambana na nguru, nguru akashinda. Shangazi akajiziba pua kwa mtandio.

Tukaingia uani kwa kina Salma boneti inafuka. Wenyeji wametoka kutupokea, majirani nao. Na paka. Akaja mmoja, wakaja watatu, mwisho nilihesabu tisa, wengine wamepanda juu ya boneti wanalia. Mama mmoja jirani akasema, "Jamani, hii posa au mnada wa samaki?" Watu wakaangua kicheko. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Shikamoo, baba," nikamsalimia Mzee Haji.

"Marahaba."

Mzee Haji alikuwa fundi magari kabla hajastaafu. Salma alishaniambia, nami kwa kiburi changu nikadhani fundi wa zamani atajua nini cha turbo. Akainua boneti, akakitoa kile kitambaa kwa vidole viwili, akawatupia paka.

"Mwanangu, ungekwenda taratibu tu, upepo wa njiani ungeipoza wenyewe. Hukuweza kungoja?"

Akaongeza, wala si kwa ukali, "Salma naye huchemka. Sijui yeye utamtilia barafu gani."

Posa ilipokewa kwa adabu, tukaambiwa tusubiri jibu. Niliogopa, sikufichi. Nilimpenda Salma, na niliona nimempoteza kwa sababu ya kupitwa na vespa. Ikapita wiki, ikapita ya pili, ukapita mwezi. Mara tatu niliwasha gari niende Chwaka kuuliza, mara tatu nikaizima nikabaki nimekaa humo ndani na harufu yangu. Jibu lilipokuja harufu ilikuwa imekwisha kabisa. Wamekubali.

Tuliposhaoana ndipo Salma akanambia kwamba jibu lilikuwa tayari jioni ile ile. Babake alilizuia makusudi, aone kama nitakwenda kulidai.

Siku hizi nikitoka juani naendesha pole mpaka upepo uingie, na tukigombana na Salma nafanya vivyo hivyo. Barafu nshaapa sigusi tena, labda ya juisi. Shangazi yeye mpaka leo anapanda teksi.