Tuzo ya Malkia na Upepo

Jumamosi nilikuwa nimesimama na watazamaji wengine katika ukumbi mmoja wa London usio na paa, tukitazama mchezo wa kuigiza wa kale wa Kiingereza. Malkia aliyepinduliwa alikuwa akiapa kurudi. Ghafla upepo ukavuma kutoka mtoni, ukamvua taji, ukamfunika uso kwa joho lake mwenyewe, na kiapo hakikusikika. Malkia akalivua joho, akalitupa chini, akaugeukia upepo na kuanza kiapo upya, kwa sauti iliyotufikia sote.

Mbele yangu mama mmoja wa Kiunguja, kavaa buibui, akafungua mkoba. Akatoa noti, akaipunga juu, akaanza kusogea jukwaani kwa madaha, kama wafanyavyo kwao kumtuza mwimbaji wa taarab.

"Mum, please!" binti yake akamvuta mkono.

Kijana mhudumu wa ukumbini akamzibia njia. "Samahani, mama, huruhusiwi kusogea jukwaani."

"Upepo umepanda jukwaani hukuuzuia," mama akamjibu kwa Kiingereza chake, kidole kikielekea mbinguni. "Unanizuia mimi?"

Kijana akatazama juu, kisha akampisha. Mama akaiweka noti miguuni pa malkia. Upepo ukaitaka nayo. Malkia akaikanyaga, akaendelea kuapa.

Najua wapo watakaosema mama hana adabu ya ukumbini. Anayetaka watu watulie, na auezeke ukumbi kwanza.