Rekodi ya Wardah ilikuwa ikisomwa kinyumenyume: nilivyojifunza kusoma historia ya farasi nikiwa Riyadh

Wakuu, amani kwenu nyote.

Naona humu ndani siku hizi watu wameanza kuacha mikeka ya mpira na kuhamia kwenye mbio za farasi za mtandaoni. Kila nikifungua nakuta screenshot. Huyu kamchagua farasi kwa sababu ya jina, yule kwa sababu ya rangi, mwingine kwa sababu ameona namba 1 mbili kwenye rekodi akadhani amemaliza kazi.

Nikasema leo niwape kisa changu. Ni mambo yaliyonipata mimi mwenyewe, sikuhadithiwa. Nilipopatia nitasema, na nilipokosea pia nitasema.

Kwanza niweke jambo moja wazi. Saudia hakuna kubeti. Dini inakataza na sheria inakataza. Kinachofanyika pale uwanjani Riyadh ni kwamba unapewa kadi ya bure, unaandika farasi unayedhani atashinda kila mbio, ukipatia kuna zawadi. Kwa hiyo msinitafute inbox kuniomba "sure". Sijawahi kuweka hata shilingi kwenye farasi.

Lakini kusoma rekodi ya farasi najua. Na najivunia, sitaficha.

Mimi ni mtu wa Mombasa. Kiarabu na Kiingereza ndivyo nilivyosomea chuo. Saudia nilianzia Jeddah, nikifundisha Kiingereza watoto wa familia moja kwenye villa za Al-Hamra. Mume wangu, baba Zuhura, alikuwa dereva wa hospitali moja ya binafsi huko huko Jeddah, na tulipanga vyumba viwili Al-Nuzha.

Mkataba wangu ulipokwisha nikapata kazi ya ukalimani Riyadh. Zamani kuhama ungemlilia kafili, yule mdhamini wako wa kazi, mpaka akuonee huruma. Wakati huo sheria zilikuwa zimeshaanza kulegezwa, ikama, yaani kibali changu cha kuishi, nikaihamisha kwa simu nikiwa nimekaa jikoni. Baba Zuhura akabaki Jeddah. Tulikubaliana nikipita probesheni naye atafute kazi Riyadh anifuate. Nikifeli, narudi Al-Nuzha tuanze upya.

Ofisi ilikuwa Al-Murabba, juu ya duka la vipuri. Nilikuwa mwanamke wa kwanza kuajiriwa pale. Choo cha wanawake kilikuwa stoo ya maboksi, wakayahamisha wiki niliyofika na rangi ilikuwa bado inanuka.

Bosi wangu nitamwita Abu Majid. Biashara yake ni vifaa vya ujenzi, lakini moyo wake uko kwa farasi. Alikuwa na zizi nje ya mji, na farasi kadhaa alikuwa amewanunua Uingereza kwa mkupuo kupitia wakala. Karatasi zao zote zilikuwa za Kiingereza. Hapo ndipo nilipohitajika.

Wakuu, siku ya kwanza kuona rekodi ya farasi nilidhani ni namba ya simu.

Unakuta jina la farasi, pembeni yake 6-3431. Basi. Sikujua hata pa kuanzia.

Aliyenifundisha ni mkufunzi wa farasi pale zizini, mzee wa Kisudani, tulimwita Ami Idris. Alikuwa anakuja ofisini kila Jumapili kuzungumza na bosi, na akimaliza anakaa mezani kwangu na kikombe cha kahawa.

Akaniambia kila namba ni nafasi aliyomaliza kwenye mbio moja. Waingereza wanaandika kutoka kushoto, mbio za zamani kwanza, na ya mwisho kulia kabisa ndiyo mbio ya juzi. Kistari kinatenga msimu na msimu. Sifuri si ushindi, ni kwamba alimaliza nyuma ya wa tisa, hawakuona haja ya kuhesabu.

Nikamwambia, "Kwa hiyo huyu mbio ya mwisho ana 1, ni mzuri."

Akacheka. "Mtoto wa jirani yako akija akwambie amekuwa wa kwanza, utamuuliza nini?"

"Darasa lina watoto wangapi."

"Haya. Na farasi muulize hivyo hivyo. Alimshinda nani? Umbali gani? Alibeba uzito gani mgongoni? Walikimbia kwenye nyasi au mchanga?"

Tangu siku hiyo sikutafsiri rekodi bila kufungua kurasa za nyuma, zile zenye maelezo ya mbio moja moja. Ni kazi ya kuchosha macho. Nilianza kuipenda.

Sasa tuje kwenye kisa chenyewe.

Kati ya wale farasi alikuwamo jike mmoja wa hudhurungi, Wardah. Bosi hakuwa na haja naye. Alimtaka dume mwingine, wakala akamwambia lazima achukue na huyu. Kabla sijaajiriwa mtu fulani alikuwa amemtengenezea bosi muhtasari wa Kiarabu wa farasi wote, na wa Wardah ulionyesha anazidi kushuka. Mbio ya kwanza wa pili, kisha wa nne, wa tano, wa saba, wa nane.

Kwa hiyo bosi akakubali kumuuza kwa binamu yake, Abu Rakan, ambaye naye ana zizi. Walishapeana neno. Abu Rakan akaomba jambo moja tu, apewe tafsiri kamili ya karatasi zake. Kazi ikaja kwangu.

Nikaanza na ukurasa wa mbio yake ya mwisho kabisa kule Uingereza. Nikasoma, nikasimama.

Mbio ya mwisho alikuwa wa pili.

Nikarudi kwenye muhtasari. Unasema wa nane. Nikafungua mbio iliyotangulia, wa nne. Iliyotangulia hiyo, wa tano. Nikapanga zote kwa tarehe zake. Wa nane, wa saba, wa tano, wa nne, wa pili.

Huyu farasi hakuwa anashuka. Alikuwa anapanda ngazi.

Kilichotokea ni hiki. Aliyetengeneza muhtasari aligeuza maneno kuwa Kiarabu, lakini namba akazinakili zilivyo, 8 iko kushoto na 2 iko kulia. Mwarabu anaanza kusoma kulia. Bosi akaanza na 2, akamalizia na 8. Karatasi haikuwa na namba hata moja ya uongo, ila ilikuwa ikisomwa kutoka mkiani.

Jioni nikampigia baba Zuhura. Nilikuwa na hofu, sitaki kujifanya shujaa. Watu wazima wawili wameshapeana neno juu ya kahawa, halafu niingie mimi mgeni wa juzi, niko probesheni, niseme mmesoma vibaya.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mama Zuhura, una uhakika?"

"Na mpangilio nina uhakika. Kama atashinda hapa sijui."

"Basi kaseme unachokijua, na usichokijua pia kaseme. Wakikufukuza kwa hilo, njoo nyumbani."

Nililala vizuri usiku ule.

Asubuhi nilimkuta bosi na Ami Idris ofisini. Nikaweka karatasi mbili mezani.

"Bosi, kabla hujatia saini karatasi za Wardah, naomba uone hii. Hapa kwenye muhtasari umeanza kusoma wapi?"

Akaniangalia kama nimemuuliza jina la mama yake. "Kulia. Kwani kuna pengine?"

"Namba zimetoka kwa Waingereza. Wao wanaanza kushoto."

Akavuta karatasi karibu. Akaweka kidole kushoto, akakisogeza taratibu kwenda kulia. Kisha akarudia. Nikamwonyesha kurasa za mbio zenye tarehe, moja baada ya nyingine.

"Nani aliandika muhtasari huu?"

"Yeyote angekosea hivyo, bosi. Namba ukiziona unadhani hazina lugha."

Akairudisha karatasi mezani. Kisha akaniuliza, "Unaniambia ni farasi mzuri?"

"Nakuambia alikuwa anazidi kupanda. Na kila mbio alikutana na wenzake wagumu kuliko wa mbio iliyopita, na uzito uliongezwa. Lakini zote zilikuwa za nyasi. Hapa kwetu ni mchanga. Hilo karatasi haiwezi kuniambia."

Ami Idris akamgeukia bosi. Akasema, "Asubuhi kwenye mazoezi mchanga haumsumbui. Nilikwambia, Abu Majid."

"Uliniambia," bosi akajibu. "Nami nikakwambia karatasi inasema vingine."

Nilitarajia akasirike. Alichukua simu akampigia binamu yake pale pale, akiwa ameweka spika. Alimweleza yote bila kupunguza. Akamaliza, "Neno langu ni lile lile. Ukimtaka, ni wako. Lakini nimeona nisikuuzie huku nimenyamaza."

Abu Rakan akacheka sana. "Sikiliza. Ijumaa ijayo Wardah yumo mbio moja na farasi wangu Sahm, sivyo? Akimaliza mbele ya Sahm, abaki kwako. Akimaliza nyuma, namchukua kama tulivyokubaliana. Halas, yamekwisha."

"Halas," bosi akasema.

"Na huyo anayesoma karatasi, mlete uwanjani. Nataka amwone Sahm akipita."

Hilo ndilo dau, wakuu. Mtu na binamu yake, na mimi nikawa katikati.

Wiki ile niliisoma rekodi ya Sahm mpaka nikaiota. Ukiiangalia juu juu inatisha: 1, 1, 3, 1. Wengi humu mngemweka kwenye mkeka bila kufungua ukurasa wa pili. Nilipofungua nikakuta ushindi wote ni wa mbio fupi, wenzake walikuwa wachache, na uzito ulikuwa mwepesi. Ile 3 ndiyo mbio pekee iliyokaribia maili moja, na walioshuhudia waliandika kwamba mwishoni alichoka. Mbio ya Ijumaa ilikuwa ya maili moja.

Ami Idris akaniambia, "Sasa umeanza kusoma."

Baba Zuhura alipanda basi kutoka Jeddah usiku kucha aje kushuhudia. Tulikaa jukwaani pamoja, mume na mke, familia zimejaa kila upande, watoto wanakula mahindi ya kukaanga. Miaka michache nyuma mimi mwanamke nisingeruhusiwa kuingia pale. Nikajaza kadi yangu ya bure. Kwenye mbio yetu niliandika Wardah wa kwanza.

Milango ilipofunguliwa Sahm aliruka kama jiwe la manati. Wardah akabaki nyuma kabisa, mchanga wa waliotangulia unampiga usoni. Bosi, aliyekuwa safu ya mbele yetu, hakugeuka. Mimi nilikuwa nimeushika mkono wa baba Zuhura mpaka akaniambia ninamuumiza.

Kwenye kona joki, yule anayempanda, akamtoa nje, mbali na ule mchanga wa kurushiwa. Hapo ndipo nikamwona akikunjua miguu. Akampita mmoja, akapita wawili waliokuwa pamoja. Mbele Sahm alikuwa ameanza kulegea kichwa, kama ilivyoandikwa kwenye ile mbio ya 3. Wardah akamfikia, akaenda naye sambamba, kisha akamwacha.

Lakini hakushinda. Kulikuwa na dume mmoja wa kijivu aliyefika kabla yake kwa shingo moja. Yule wa kijivu mimi nilimkata kwenye kadi yangu kwa sababu alikuwa amepumzishwa miezi mingi, nikadhani ni mgonjwa. Kumbe alipumzishwa akapona. Kwa hiyo kadi yangu haikupata kitu, na hilo ni kosa langu mwenyewe.

Wardah wa pili. Sahm wa nne.

Abu Rakan alikuja kwenye safu yetu mkono uko kifuani. Akamsalimia baba Zuhura kwanza, kisha akamuuliza bosi, "Huyu ndiye katibu wako?"

Bosi akasema, "Katibu ninaye mwingine. Huyu ndiye anayenisomea farasi."

Wakuu, nimepata vyeti maishani, nimepanda jukwaani nikapigiwa makofi. Hakuna sentensi iliyonikaa kama ile. Na aliisema mbele ya mume wangu.

Abu Rakan akaniambia, "Basi na mimi wiki ijayo nitakuja na karatasi zangu, kwa ruhusa ya bosi wako." Na kweli alikuja, na mfuko mzima.

Probesheni nilipita. Baba Zuhura sasa yuko Riyadh, na kisa hiki anakisimulia kila tunapokutana na Wakenya na Watanzania wenzetu. Kwenye simulizi yake Wardah alishinda, tena kwa mbali sana, na mimi ndiye niliyemwambia joki atoke nje kwenye kona. Nimechoka kumsahihisha. Namwacha, namtazama anavyofurahi.

Nilichojifunza ni kwamba rekodi ya farasi inakwambia alikotoka, lakini atakakofika haijui. Hakikisha kwanza unaisoma kutoka upande sahihi. Ukiona 1 uliza alimshinda nani, ukiona 8 uliza ilikuwa lini. Na yule aliyepumzishwa muda mrefu usimkate haraka kama mimi. Baada ya yote hayo bado kuna farasi wa kijivu ambaye hukumtegemea, ndiyo maana nawasihi msiweke ada ya mtoto huko.

Kwa wanaofanya kazi za karatasi ugenini kama mimi: ukiona kosa na umelihakiki, liseme kwa adabu, na useme pia mahali ujuzi wako unapoishia.

Uwanja ni wenu. Mliowahi kufanya kazi na farasi, hapo kwenye mapumziko marefu mnapimaje kujua farasi amepona au ugonjwa wake unafichwa? Na wewe uliyewahi kumwambia bosi amekosea, ilikuwaje? Nasoma kila comment.