Nyumba ya Bulu Chini ya Volkano

Juzi binamu yangu anayeishi Ulaya alinionyesha kwenye simu picha za matembezi yake Guatemala, jiji kubwa chini ya volkano. Nikaanza kutafuta nyumba yetu.

Utotoni kwetu Goma, lava ya volkano ilipokula nyumba yetu na papa, baba yangu, akabaki ndani, tulilala katika hema lililonuka moshi hata panya walikohoa. Padri mumoja alitupatia kalenda yenye picha ya jiji hilo la Guatemala. Mimi niliamini ni Goma yetu ya zamani.

“Mama, ya kwetu ni gani?”

Aliweka kidole juu ya nyumba moja. “Ile ya bulu.”

“Na papa iko mule?”

“Iko, mutoto wangu. Analala. Usimuamushe.”

Mchana wote nilinong’ona. Na juzi binamu alipocheka kwa nguvu, nilimuomba apunguze sauti.